Mji wa Meza: Mapambo Nafuu ya Karamu katika Pwani ya Mtwara

Pambo la kati ni kitu, au mkusanyiko wa vitu vichache, kinachowekwa katikati ya meza ya chakula ili kuyavuta macho ya wageni mahali pamoja na kuitambulisha shughuli inayofanyika. Katika kumbi nyingi za sherehe nchini Tanzania pambo hilo limezoeleka kuwa chombo kirefu cha kioo chenye maua ya plastiki, ambacho hukodishwa pamoja na viti na vitambaa, na kwa hiyo familia zisizo na uwezo huliona kuwa anasa inayoweza kuachwa. Hata hivyo, katika pwani ya kusini inayoanzia Mikindani na Mtwara mjini hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, yaani sehemu ambako mto huo unakutana na bahari mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, desturi ya kuipa karamu katikati yake ni ya zamani kuliko meza yenyewe, na vifaa vya kuitimiza viko jikoni, shambani na kabatini mwa nyumba za kawaida. Anayeandaa sikukuu kwa fedha kidogo katika pwani hiyo anahitaji zaidi kuvitambua vifaa hivyo na kanuni zake kuliko kununua vingine.

Katikati kabla ya meza

Karamu ya pwani, iwe ya maulidi, ya Idd au ya harusi, kwa muda mrefu imeliwa juu ya mkeka, ambapo watu wanne hadi sita huketi kuzunguka sinia moja ambamo pilau au wali wa nazi umepakuliwa kwa umbo la kilima na nyama kupangwa juu yake. Chini ya sinia huweza kutandikwa kitanga, ambacho ni mkeka mdogo wa mviringo, na juu yake hufunikwa kawa, yaani kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu au miyaa, ambayo ni majani ya jamii ya minazi na mitende ya mwituni yaliyokaushwa na mara nyingine kutiwa rangi. Mpangilio huo una duara linaloonyesha mipaka ya kundi la walaji, una kitu kimoja kilichoinuka katikati, na una rangi za kawa ambazo mgeni huziona kabla hajajua kilichofunikwa. Kawa huzuia inzi na kutunza joto la chakula, kisha huondolewa mikono inapokuwa tayari, na kuanzia hapo chakula chenyewe ndicho pambo.

Desturi hiyo inatoa kanuni ya kwanza ya upambaji wa meza, kwamba pambo la kati halishindani na chakula wala halizuii mkono unaokifuata. Kwa kuwa pambo la mezani hubaki mahali pake wageni wakiendelea kula, kanuni hiyo huhitaji vipimo. Urefu usiozidi sentimita 30, ambao ni sawa na rula ya shule, humwezesha mtu aliyeketi kumwona mwenzake wa upande wa pili bila kuinamisha shingo. Pambo likilazimika kuwa refu zaidi, sehemu iliyo mbele ya macho iwe nyembamba kama ufito na majani yaanzie juu ya vichwa. Upana nao usizidi theluthi moja ya upana wa meza, ili sahani, bilauri na bakuli la mchuzi vipate nafasi. Kwenye meza ndogo ya vitafunio, kawa moja yenye rangi, ikifunika sahani ya tende, vitumbua au kashata, inatosha kuwa pambo kamili, kwa kuwa huvuta macho inapofunikwa na hupisha inapofunuliwa.

Kanga kama mwongozo wa mpangilio

Mwandalizi asiye na mafunzo ya upambaji anaweza kujifunza mpangilio wa meza kutokana na kanga, vazi ambalo halikosekani katika nyumba za pwani na ambalo lina sehemu tatu zenye majina yake. Sehemu ya kwanza ni pindo, yaani ukingo mpana unaozunguka pande zote nne. Ya pili ni mji, yaani uwanja wa kati wenye nakshi kuu. Na ya tatu ni jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye mji karibu na pindo la chini. Meza iliyopangwa vizuri hufuata muundo huohuo, kwa maana sahani zilizo ukingoni hufanya pindo, pambo hufanya mji, na shughuli yenyewe, iwe Idd, Krismasi au arobaini ya mtoto, hufanya jina linalosomwa kutokana na rangi na vitu vilivyochaguliwa. Meza hupoteza sura yake pale pindo na mji vinapoingiliana, kama inavyotokea maua yanapotawanywa hadi kwenye sahani za wageni.

Kanga pia hutumika yenyewe kama kitambaa cha meza, kwa kuwa kipande kimoja, ambacho kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110 hivi, huitosha meza ya watu wanne. Kwa meza ndefu hutumika doti, yaani vipande viwili vya kanga moja, na inafaa kimoja kigeuzwe ili jina lake lisomwe na walioketi upande mmoja na la pili lisomwe na wale wa upande wa pili. Kwa kuwa majina mengi ya kanga ni mafumbo, na mengine ni vijembe vinavyomlenga jirani au mke mwenza, mwandalizi hana budi kuyasoma kabla ya kutandika. Meza ya wageni hustahili maneno ya dua, shukrani au ukarimu, kama ile methali isemayo kwamba mgeni aje mwenyeji apone. Kanga mpya ifuliwe kwanza kwa sababu baadhi huchuja rangi, na baada ya karamu inaweza kuvaliwa au kutunukiwa bibi mkubwa wa familia, jambo ambalo kitambaa cha kukodi hakiwezi.

Mwenye meza ya mbao asiyetaka kuifunika yote anaweza kulaza ukili katikati yake kwa urefu. Ukili ni utepe uliosukwa kwa ukindu au miyaa kabla haujashonwa na mwenzake kuwa mkeka, na tepe mbili au tatu zikishonwa pamoja hutoa njia iliyonyooka ambayo juu yake vyombo vidogo hupangwa kwa mstari. Vitambaa vya kufuma kwa uzi, ambavyo vimepamba makochi na meza za sebule nyingi nchini, vinaweza kufanya kazi hiyohiyo, mradi kila kimoja kiwekwe chini ya chombo kimoja, kwa kuwa vikijazana huficha vile vinavyopaswa kuonekana.

Vyombo vinavyotoka jikoni

Jiko linalopika wali wa nazi kwa wageni huzalisha vyombo vya kupambia meza ya wageni haohao. Nazi hupasuliwa kwa kugongwa kwa mgongo wa panga kwenye mstari wa kati huku ikizungushwa, na ikishakunwa kwenye mbuzi hubaki kifuu, yaani ganda gumu ambalo watu wa pwani wamelitengenezea kata za kuchotea maji na pawa za kupakulia mchuzi. Kifuu kikianikwa juani siku mbili au tatu, kikaparuzwa nyuzi za nje kwa kisu, kikasuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta ya nazi kidogo, hupata weusi wenye mng'ao unaofanana na mbao iliyopigwa vanishi. Nusu isiyo na macho huhifadhi maji na maua, ilhali nusu yenye macho matatu huvuja kwenye jicho laini, ambalo huzibwa kwa nta ya mshumaa ulioyeyushwa, au huachiwa kazi ya kubeba vitu vikavu kama korosho zilizobanguliwa, tende au peremende za watoto.

Kwa kuwa sehemu ya chini ya kifuu ni ya mviringo, chombo hicho huyumba kisipopewa kitako, na kitako kilicho rahisi kuliko vyote ni kata ya aina nyingine, yaani ile pete ya nguo au majani ambayo wanawake huweka kichwani chini ya ndoo. Kata ndogo ya ukindu, yenye upana wa kiganja, hukishika kifuu imara na kuongeza rangi ya pili kwenye pambo. Vifuu vitatu vya ukubwa tofauti vilivyokaribiana hupendeza zaidi kuliko viwili vinavyolingana, kwa sababu jicho hupita kutoka kikubwa hadi kidogo na kurudi, ilhali mbele ya viwili huhama upande kwa upande bila kutua.

Maua yanayosimama huhitaji kitu cha kuyashika, na wapambaji wa kibiashara hutumia sponji ya kijani inayotengenezwa viwandani, ambayo haiozi na hutupwa baada ya shughuli. Mbadala wake wa karibu ni mgomba. Shina la mgomba limefanywa kwa tabaka za vikonyo vya majani zenye vyumba vidogo vilivyojaa maji, na kwa kuwa mgomba uliokwisha kukatwa mkungu hauzai tena, kuutumia hakumpotezei mkulima chochote. Kipande cha sentimita 25 kikipasuliwa kwa urefu na upande bapa kulazwa chini, kisha kutobolewa kwa kijiti, hushika vikonyo vya maua na kuvinywesha maji kwa muda wote wa karamu. Utomvu wake huacha madoa meusi kwenye nguo, kwa hiyo hulazwa juu ya sahani au jani pana, kamwe si moja kwa moja juu ya kanga. Palipo na chungu cha udongo, mchanga uliooshwa na kuloweshwa hufanya kazi hiyo vilevile.

Joto la Mtwara hunyausha maua upesi, na dawa yake iko katika utaratibu wa kuyakata. Maua hukatwa alfajiri kabla jua halijapanda, vikonyo hukatwa kwa mshazari ili viwe na eneo kubwa la kunyonya maji, majani yote yanayoweza kuzama huondolewa kwa sababu huoza na kuchafua maji, na ndoo hubaki kivulini hadi saa ya kupanga. Waridi, asumini na bogenvilia vinapokosekana, shada la mrehani pekee linatosha, kwa kuwa mmea huo, ambao ni miongoni mwa vitu vinavyofungwa katika kikuba, yaani kishada cha majani na maua ya kunukia ambacho wanawake wa pwani hujipamba nacho, una harufu nyepesi isiyoshindana na ya chakula. Udi na ubani, kwa upande mwingine, hufaa kufukizwa kwa chetezo kabla ya chakula kuletwa, kwa sababu moshi wake mzito huifunika ladha ya pilau.

Kila sikukuu na majira yake

Unafuu wa pambo hutegemea sana kujua kinachopatikana katika mwezi husika. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, ukifuatwa na kiangazi kirefu. Krismasi kwa hiyo huja wakati wa pepo za kaskazi, maembe yakiwa sokoni na mkrismasi ukiwa umechanua. Mkrismasi ni mti wenye asili ya Madagaska uliopandwa kando ya barabara na kwenye viwanja vya shule, na maua yake mekundu, ambayo hunyauka upesi yakikaa makavu, hukaa vizuri zaidi yakielea juu ya maji katika bakuli pana. Maganda yake ya mbegu, ambayo ni marefu, bapa na magumu kama mbao, huokotwa chini ya mti na kuwa vihori vya kubebea karanga au mishumaa midogo isiyowashwa. Tawi la mvinje, mti wa ufukweni wenye majani membamba kama nyuzi, hushika nafasi ya msonobari wa nchi za baridi, na matunda yake madogo makavu yenye vijitundu hukusanywa mchangani bila kukata chochote.

Idd haina majira maalumu, kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi na mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua. Idd el Fitr iliangukia Agosti mwaka 2013, Juni mwaka 2018 na Aprili mwaka 2024, na huchukua takriban miaka 33 kuzunguka majira yote. Anayeandaa meza ya Idd kila mwaka hawezi basi kutegemea ua moja, bali hutegemea chombo kimoja kinachobadilishiwa vilivyomo, kama vile sinia la shaba ambalo katika miezi ya mvua hujazwa majani mabichi na asumini, na katika kiangazi hujazwa masuke ya mtama, njugumawe na tende. Masuke ya mtama, yakifungwa kwa ukindu na kusimamishwa ndani ya kibuyu kilichokatwa shingo, hudumu miezi mingi bila maji.

Msimu wa korosho, ambao huanza karibu na Septemba au Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, huupa mkoa pambo ambalo sehemu nyingi za nchi hazina. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na leo Mtwara ni kitovu cha zao hilo nchini. Lakini bibo, yaani tunda lenye maji linaloning'iniza korosho, huharibika ndani ya siku moja au mbili, na mengi huozea chini ya miti. Mabibo mekundu na ya manjano, yakiokotwa asubuhi na kupangwa juu ya majani ya mkorosho wenyewe, hutoa rangi ambazo dukani zingegharimu fedha, ingawa hufaa kwa shughuli ya siku moja tu na yawekwe ndani ya chombo, kwa kuwa maji yake huacha madoa yasiyotoka.

Kinyago mezani

Katika nchi ya Wamakonde, ambao wanaishi pande zote mbili za Ruvuma, pambo la kudumu kuliko yote ni kinyago cha mpingo. Mpingo ni mti mgumu ambao kiini chake cheusi ni kizito kiasi cha kuzama majini, na miongoni mwa mitindo ya wachongaji wa Kimakonde umo ule uitwao ujamaa, unaoonyesha watu wengi wakibebana na kushikana katika gogo moja kama nguzo ya ukoo. Kinyago cha namna hiyo huisema shabaha ya karamu ya familia bila maneno, na kwa kuwa hakinyauki, familia inaweza kukiazima kwa ndugu, kukizungushia majani mabichi na kukirudisha kikiwa kama kilivyokuwa. Anayenunua ajihadhari na mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu ili uonekane mpingo, kwa kuwa rangi hiyo huchafua kitambaa na hunuka karibu na chakula. Uzito wa kinyago mkononi na kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo, kikipitishwa juu yake, hutoa jibu.

Vitu vya kuachwa mahali pake

Kitu kinachoonekana kuwa cha bure kuliko vyote katika pwani hii ni kile kilicho ufukweni, na hapo ndipo mwandalizi anapaswa kujizuia. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650, inalindwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na matumbawe, kauri, makome na magamba ya kasa vilivyo ndani yake si mali ya kuokota kwa ajili ya mapambo. Hata kome tupu bado ni nyumba, kwa kuwa wapo kaa wenye mwili laini ambao hujificha ndani ya makome yaliyoachwa na wenyewe, nao hukosa kinga ufukwe ukikombwa. Matawi ya mikoko nayo yaachwe, kwa sababu mikoko huzuia mmomonyoko na ni mahali pa kukulia samaki wachanga na kamba. Pambo linalotaka kuitaja bahari linaweza kufanya hivyo kwa kipande cha wavu mkuukuu, kamba ya makumbi ya nazi au kijahazi cha mbao cha kuchezea watoto.

Vipo pia vitu vya nchi kavu visivyofaa kukaribia chakula. Korosho mbichi yenye ganda ina mafuta makali yanayobabua ngozi, kwa hiyo haiwekwi mezani mbele ya watoto wala karibu na moto. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ziitwazo macho ya tipitipi, hupendeza kama shanga lakini zina sumu kali zikitafunwa, na utomvu mweupe wa mnyaa, ambao hupandwa kuwa ua la nyumba, hudhuru macho. Mishumaa nayo inahitaji uangalifu katika pwani yenye upepo na mapaa ya makuti: iwekwe ndani ya chupa ya jemu yenye mchanga chini, mbali na ukindu, au nafasi yake ichukuliwe na taa ndogo ya sola.

Hesabu baada ya karamu

Gharama ya kweli ya pambo hujulikana siku ya pili ya sikukuu, wakati wa kuondoa vyombo. Maua ya plastiki yaliyopauka hayana pengine pa kwenda isipokuwa jalalani, katika nchi ambayo tangu Juni 1, 2019 imepiga marufuku mifuko ya plastiki ili kupunguza taka za aina hiyo. Kwa upande wa pili, mgomba na majani hurudi shambani kuwa mbolea, tende na korosho zilizobaki hufungiwa watoto, vifuu huoshwa na kungoja shughuli nyingine, kanga huvaliwa, na kinyago hurudi kwa mwenyewe. Pambo ambalo kila sehemu yake ina kazi baada ya wageni kuondoka ndilo nafuu, na kwa kipimo hicho meza ya Mtwara, yenye kifuu, kanga na shada la mrehani, haina sababu ya kuionea haya meza ya ukumbini.